Anza na Vifundo: Kukagua Mikeka Iliyochorwa kwa Kompyuta

Ukionyeshwa kazi ya sanaa iliyosimikwa ukumbini, ukaambiwa umbo lake limepigiwa hesabu na kompyuta na mikeka yake imesukwa kwa mkono, usirudi nyuma kuitazama nzima. Kwa mbali karibu kila kitu hupendeza, na programu kama Rhino haikosi kutoa mapindo laini. Sogea karibu. Tafuta mahali mkeka unapokutana na ufito, ukague kifundo.

Kipimo changu ni aqal, nyumba ya kuhama ya wafugaji wa Kisomali wa Liboi, karibu na mpaka wa Kenya na Somalia, na wa Garissa kwa jumla. Wajenzi wake ni wanawake. Hupinda fito, nyingi zikiwa za mizizi ya migunga, wakazifunga ziwe kuba, kisha wakazivika kebed, mikeka mizito ya nyuzi za magome yaliyopondwa au kutafunwa hadi yakalainika. Ukifika wakati wa kuhama, nyumba hufunguliwa, ikapakiwa juu ya ngamia, ikasimamishwa kwingine. Kifundo chake kwa hiyo kina kazi mbili: kishike upepo ukivuma, na kifunguke bila kukatwa. Kazi ya ukumbini iliyogandishwa kwa gundi, kamba ikazungushwa juu yake kama pambo, imeshajieleza yenyewe.

Baada ya hapo tazama mpindo. Ufito wa mti ni mnene upande wa shina na mwembamba nchani, kwa hiyo hupinda zaidi kwenye ncha. Kompyuta isipoambiwa hivyo huuchukulia kama bomba lenye unene mmoja, ikachora tao lililolingana pande zote. Ukikuta tao la mti limelingana kabisa, shuku: ama fito zimechongwa zifanane, ama ndani mna chuma kinachobeba mzigo. Msanii hodari hupima kila ufito kwanza, akaingiza vipimo kwenye programu, mchoro ukabadilika. Alama zangu nyingi huziweka hapo, kwenye mchoro uliokubali kusahihishwa na mti.

Mkeka wa mkono nao haupati upana mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Mikunjo ya mshazari inayokimbia kutoka kifundo hadi kifundo ni dalili kwamba kipande kilikatwa kwa kufuata skrini, mkeka wenyewe haukupimwa. Kubonyea kidogo katikati si kosa. Kebed ni nzito na uzito huo uonekane. Pitisha kidole pindoni. Nyuzi zilizorudishwa ndani zitadumu. Zilizokatwa kwa mkasi zitafumuka.

Wapo walioweza ndoa hii ya kompyuta na mkono. Msanii Janet Echelman wa Marekani alianzia kwa wavuvi wa Mahabalipuram, India, mwaka 1997. Siku hizi nyavu zake zinazoning'inia juu ya miji husanifiwa kwa programu maalumu na kufumwa kwa mashine, lakini mikono bado hufunga na kuunganisha kamba. KnitCandela, ganda la zege la watafiti wa ETH Zurich na Zaha Hadid Architects, kitambaa chake kilifumwa kwa mashine kikasafirishwa hadi Mexico City mwaka 2018 ndani ya masanduku ya safari, halafu kikapakwa zege. Naipenda, ila kwa kipimo cha Liboi ina upungufu: ilifika kama aqal, lakini kuhama tena haiwezi.

Usiidharau kazi kwa sababu ina turubai. Katika kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizoanza mwaka 1991 umbali wa kilomita 80 hivi kutoka Liboi, turubai limeshika nafasi ya mikeka kwenye nyumba nyingi za fito. Msanii anayetundika kebed tupu, safi, bila kiraka, anauza kumbukumbu tamu na kuficha nusu ya habari. Kiraka kilichoshonwa vizuri nakipa alama.

Mwisho soma kibandiko ukutani. Jina la mchoraji likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa na wasusi wakaitwa "jamii ya wenyeji", punguza bei kichwani mwako. Uliza walilipwa kwa kipande au kwa siku, na ni nani atakayeitwa mkeka ukichanika. Kisha omba kazi ifunguliwe na kusimikwa upya mbele ya macho yako, na wasusi wenyewe wakiwepo. Kabla ya hapo usitoe hela.