Kugeuka, kugeuzwa, kujigeuza: Somo la sinema za mtu-mbwamwitu

Sinema za kutisha za bei nafuu hazina heshima miongoni mwetu wasomi. Mwambie profesa mwenzako kwamba jana ulikesha ukitazama sinema ya mtu anayegeuka mbwamwitu, tena ile iliyotengenezwa kwa fedha za kuokotezaokoteza, uone atakavyokutazama. Mimi nimezitazama nyingi, na wiki hii naomba kuzijadili katika ukumbi huu wa lugha. Dai langu ni kwamba kasoro kubwa ya sinema za aina hii, hasa zinapoigwa huku kwetu, haimo kwenye kinyago wala manyoya ya kubandika. Imo kwenye kitenzi.

Tuanze na jina. Waingereza humwita kiumbe huyu werewolf, na silabi ya kwanza ya neno hilo ni neno lao kongwe lenye maana ya mwanamume. Kiswahili hakina neno moja lililokubalika. Mnyama mwenyewe hatunaye. Wafasiri wa Biblia walipomhitaji walimwita mbwa mwitu, jina ambalo pia tunampa yule mbwa wa porini anayewinda kwa makundi mbugani. Basi nitamwita mtu-mbwamwitu, mpaka bingwa mmoja atuundie neno tamu zaidi.

Jina hatuna, lakini sura yake tunaijua. Wengi wa rika langu na la wanafunzi wangu wa kwanza tulimwona mara ya kwanza katika Thriller, ile video ya Michael Jackson iliyotoka Desemba 1983. Mwanzoni kijana yuko na mpenzi wake msituni, mwezi mpevu unachomoza, na yeye anaanza kuota kucha na masharubu ya mnyama. Kumbuka anachofanya kabla hajageuka kabisa: anamwambia msichana akimbie. Mwelekezaji alikuwa John Landis, ambaye mwaka 1981 alikuwa ametengeneza An American Werewolf in London, sinema iliyompa Rick Baker tuzo ya Oscar kwa ufundi wa kupamba na kubadilisha sura. Baker ndiye aliyeibadilisha sura ya Michael Jackson pia.

Kazi hizo zilikuwa na fedha. Zile ninazozungumzia ni jamaa zao maskini. Mfano mzuri ni I Was a Teenage Werewolf ya mwaka 1957, iliyotengenezwa kwa bajeti isiyofika dola 100,000. Hizi ndizo zinazoingia kwa urahisi katika vibanda vya video, na sasa kwenye simu za vijana wetu kuanzia Mtwapa hadi Mambrui.

Kasoro zake za nje hazihitaji darubini. Mnyama anaonekana wazi kuwa mtu aliyevaa zulia. Usiku umepigwa picha mchana, ukatiwa rangi ya buluu, lakini vivuli vya miti vimelala chini kama saa nane za alasiri. Wahusika hueleza kila kitu kwa mdomo kwa sababu hakuna fedha za kukionyesha. Damu ina rangi ya sharubati. Polisi ni wawili tu katika mji mzima, na wote wawili hawasikii wanachoambiwa.

Mbona basi vijana hujaa kibandani? Sababu ya kwanza ni umri. Kijana wa miaka 15 anajua maana ya kuamka asubuhi akakuta sauti si yake, nywele zimeota pasipokuwa na nywele, na hasira zinampanda bila kuitwa. Sinema ya 1957 ilimweka mwanafunzi wa shule ya upili katikati kwa sababu hiyo hasa. Sababu ya pili ni kwamba sinema rahisi humpa mtazamaji nafasi ya kushiriki. Haimtishi kiasi cha kumnyamazisha. Inamwacha acheke, akosoe, aonye. Hadhira ya kibandani inafanya kile ambacho hadhira ya ngano ilifanya baada ya kuitikia “Pakawa!”

Ushiriki huo umepewa nguvu na wasimulizi. Kenya inamjua DJ Afro, anayefunika Kiingereza cha sinema kwa Kiswahili cha mtaani na kuwapa wahusika majina na tabia mpya. Dar es Salaam ilikuwa na Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyefanya kazi hiyo hiyo kwa ustadi mkubwa. Nawaheshimu wasimulizi hawa, ingawa kwa sinema za kutisha wana ila moja: hawajui kunyamaza. Hofu inakaa katika kimya, na msimulizi anayesema mfululizo huifukuza. Lakini wao ndio wanaoamua mtu-mbwamwitu ataitwa nani kwa Kiswahili. Leo ataitwa jini, kesho zimwi, keshokutwa mchawi. Maneno hayo hayalingani hata kidogo.

Mwaka jana niliketi katika kibanda kimoja cha Kisumu Ndogo, hapa Malindi, nyuma ya vijana kama ishirini. Mhusika mkuu alikuwa ameumwa na mnyama, sasa amejifungia chumbani, anatetemeka. Msimulizi akapaza sauti: “Cheki! Jamaa anajigeuza sasa!” Kijana wa benchi la mbele akamjibu papo hapo, kana kwamba msimulizi yumo mle ndani: “Wapi! Huyo hajigeuzi, anageuzwa. Si aliumwa juzi? Mwenyewe hataki.” Wenzake wakaunga mkono. Nimefundisha mnyambuliko wa vitenzi kwa zaidi ya miaka 30, na sijapata mfano bora kuliko huo.

Tutazame basi tofauti yenyewe. Kugeuka ni kauli ya kutendeka. Jambo limetokea, aliyelisababisha hatajwi. Kugeuzwa ni kauli ya kutendwa. Yuko aliyefanya, na anayegeuka ni mwathiriwa. Kujigeuza kuna ile ‘ji’ ya mtu kujitendea mwenyewe. Amekusudia, amepanga, na lawama ni yake yote. Mzizi ni uleule, lakini anayetumia kitenzi cha tatu badala ya cha pili amekwisha kutoa hukumu.

Sinema bora za mtu-mbwamwitu zimesimama juu ya kitenzi cha pili. Katika The Wolf Man ya mwaka 1941, Larry Talbot anaumwa akijaribu kumwokoa msichana aliyeshambuliwa. Katika ile ya 1957, kijana anageuzwa na daktari ambaye alipelekwa kwake ili atibiwe hasira. Wote wawili tunawaogopa na kuwahurumia kwa pamoja, na mchanganyiko huo ndio mvuto wa sinema hizi. Ukiondoa huruma, kinachobaki ni mtu na zulia lake.

Ufukara wa bajeti hauzuii hili. Mwaka 1942 Val Lewton na mwelekezaji Jacques Tourneur walitengeneza Cat People, habari ya mwanamke anayeogopa kwamba atageuka chui mweusi. Fedha zilikuwa chache, hivyo kwa sehemu kubwa wakatupa kivuli ukutani na mwangwi wa viatu barabarani, basi. Miaka zaidi ya 80 baadaye, bado inatisha. Bibi zetu walilijua hilo kabla ya kamera. Hawakuwa na kinyago, walikuwa na sauti, giza na moto unaofifia.

Na ngano zao zilikuwa na kiumbe huyu. Nani asiyeijua hadithi ya msichana aliyewakataa wachumba wote wa kijijini, akaolewa na mgeni mtanashati, kumbe ni zimwi, au fisi, kutegemea msimulizi ametoka wapi? Funzo la ngano hiyo ni kwamba hatari huja na sura ya kupendeza na maneno matamu. Sisi wa kaunti ya Kilifi tunalielewa funzo hilo kwa uchungu. Katika msitu wa Shakahola, ambako mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili ambayo idadi yake ilipita 400, watu walikwenda kwa miguu yao wenyewe wakifuata sauti waliyoiamini.

Fisi mwenyewe, kwa Wamijikenda wa kale, hakuwa adui wa kupigwa mawe tu. Charles New, mmisionari wa Kimethodisti aliyeishi Ribe, aliandika katika kitabu chake cha 1873 kwamba wenyeji walimhesabu fisi kuwa mmoja wa wahenga wao, na alipokufa aliombolezwa. Mekatilili wa Menza alipowakusanya Wagiriama Kaya Fungo mwaka 1913 kuupinga utawala wa Waingereza, kiapo walichokula wanaume kilikuwa kile cha fisi. Urithi huu unasema kwamba mnyama ni jamaa. Haupingani na sinema ya Larry Talbot. Wala haupingani na methali yetu isemayo zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Sasa tutazame kinachotokea tunapotengeneza za kwetu. Watengenezaji wa video za kutisha za Kiswahili wamekopa pande nyingi, Hollywood kwa upande mmoja na Nollywood kwa upande wa pili, ambayo tangu Living in Bondage ya mwaka 1992 imeuza sana habari za kafara na nguvu za giza. Kukopa si dhambi. Mussa Banzi wa Tanzania, katika Shumileta, alichukua jini wa kike na kumpa mapenzi kwa binadamu, na penzi hilo likaipa kazi yake uhai ambao vifaa vyake havikuweza kuununua. Huo ulikuwa ukopaji wenye akili.

Lakini katika video nyingi ndogo, hizi za kurekodiwa kwa wiki moja na kusambazwa kwa simu, mambo ni mengine. Mtu-mbwamwitu ametupwa, na nafasi yake amepewa mchawi. Huyu hakuumwa na yeyote wala hakulaaniwa. Anajigeuza paka, bundi au nyoka kwa hiari yake, kwa wivu, ili kumkomoa mpwa wake aliyejenga nyumba ya mabati. Na sura yake ni ileile kila mara: mzee, mara nyingi mjane, mvi kichwani, macho mekundu, anaishi peke yake. Mwisho wa video anachomwa, na muziki wa furaha unaanza.

Kwingine ningesema ni uandishi mvivu, nikaendelea na mambo yangu. Hapa siwezi. Kilifi ni mahali ambapo wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi wanaoshukiwa ni jamaa zao wa karibu, huku shamba la urithi likiwa nyuma ya pazia. Huko Ganze kiko kituo cha Kaya Godoma, ambako wazee waliokimbia wanao wao wenyewe wamepata hifadhi. Mvi zimekuwa hatari. Na hayo macho mekundu? Mwanamke aliyepikia kuni kwa miaka 50 katika jiko lisilo na dirisha atakuwa na macho gani? Mpambaji wa sinema anayapaka rangi kuonyesha uovu. Moshi umeyapaka rangi kuonyesha kazi.

Sidai kwamba video humtia mtu panga mkononi. Chuki hiyo ilikuwapo kabla ya simu, na sababu zake zimo katika ardhi na umaskini kuliko katika sanaa. Ninachodai ni kidogo zaidi, lakini ni kizito: video hizo zinarudia kwa picha sentensi ileile ambayo muuaji huisema kujitetea. “Alikuwa akijigeuza.” Sheria ya Uchawi, iliyotungwa wakati wa mkoloni mwaka 1925, imelifanya kosa hata tendo la kumshutumu mtu kuwa mchawi. Msanii hashtakiwi kwa mhusika wa kubuni, lakini mhakiki ana wajibu wa kumwuliza kwa nini mhusika wake daima ni bibi wa jirani.

Mwisho wa The Wolf Man unastahili kutazamwa Kilifi kwa makini. Baba anakutana na mnyama gizani, anampiga kwa fimbo yenye kichwa cha fedha mpaka anakufa. Kisha manyoya yanatoweka, na baba anaona kwamba aliyelala chini ni mwanawe. Hakuna shangwe pale. Kwetu mkasa umegeuzwa juu chini: mtoto ndiye mwenye silaha, na anayelala chini ni mzazi. Tena hakuna manyoya ya kutoweka, kwa kuwa hayakuwapo tangu mwanzo.

Kwa vijana wa Malindi, Watamu na Kaloleni wanaoandika miswada usiku wakitafuta wafadhili wasiopatikana, nina ushauri wa mwalimu wa lugha. Msione haya kwa bajeti ndogo. Upepo katika minazi ni bure, na giza halilipiwi. Kinyago kikiwa kibaya, kifiche kivulini. Lakini kila mnapoandika kwamba mtu amebadilika kuwa mnyama, simameni mjiulize ni kitenzi kipi mmekitumia: amegeuka, amegeuzwa au amejigeuza? Kama amegeuzwa, tuonyesheni aliyemgeuza. Huenda ni ukame, huenda ni deni, huenda ni mganga wa uongo, huenda ni mwana anayeutamani mnazi wa babake. Huyo ndiye zimwi ambaye bado hajachezewa sinema huku kwetu, na kumwonyesha hakuhitaji hata unyoya mmoja.