Ufundi wa Kulificha Shairi

Riwaya ya upelelezi huanza na pengo: mtu ameuawa, mkufu umeibwa, wasia hauonekani. Msomaji aliyekua na visa vya Bwana Msa vya Muhammed Said Abdulla anaijua njia hiyo vizuri. Mashahidi watasema, wengine watadanganya, wengine watatoa ukweli wasioujua uzito wake, kisha mtu mmoja mwenye subira atalifungua fundo. Roberto Bolaño, aliyezaliwa Chile mwaka 1953 na kuhamia Meksiko akiwa kijana mwaka 1968, aliishika njia hiyo katika Los detectives salvajes, riwaya iliyotoka mwaka 1998. Ila kilichopotea humo ni ushairi. Arturo Belano na Ulises Lima ni washairi. Kila anayewajua anasema hivyo. Na katika kurasa zipatazo 600 hatuonyeshwi shairi lao. Nadai kwamba kunyimwa huko ndiko ufundi mkubwa wa kitabu hiki. Hadithi ya wasanii wachanga wanaohangaika kutafuta jina huteleza upesi ikawa ama kilio ama sherehe ya ushindi, na kilichoiokoa hii na mitelezo yote miwili ni umbo la upelelezi na kicheko, vikifanya kazi pamoja.

Utazame kwanza mpangilio. Sehemu ya kwanza ni shajara ya Juan García Madero, mwanafunzi wa sheria mwenye miaka 17, inayoanza tarehe 2 Novemba 1975 kwa habari kwamba amekaribishwa katika kundi la realismo visceral. Amekubali bila kusita, ingawa hajui vyema kundi hilo linaamini nini. Kijana huyu anayajua majina ya bahari zote za ushairi, hata zile ambazo walimu wamezisahau, na kuhusu maisha hajui lolote. Jarida la kundi linategemea fedha za bangi. Mikutano yao ni ya mikahawani, vitabu vyao vingi ni vya wizi, na maadui zao ni karibu kila mshairi anayechapishwa. Usiku wa kuamkia mwaka mpya, Belano, Lima, García Madero na Lupe, msichana anayemkimbia kuwadi wake, wanatoroka jijini ndani ya gari jeupe aina ya Impala, na shajara inakatika hapo hapo. Kinachofuata ni ushuhuda wa watu zaidi ya hamsini, kuanzia mwaka 1976 hadi 1996, wakizungumza kutoka Meksiko, Ulaya na kwingineko na mtu ambaye hatumwoni wala hatusikii maswali yake. Baada ya hao wote ndipo shajara inarudi, kwenye siku ya kwanza ya Januari 1976, gari likielekea jangwa la Sonora.

Katika riwaya nyingi za upelelezi maiti hutangulia na msako hufuata. Bolaño ameugeuza mwendo huo. Vijana wanamtafuta Cesárea Tinajero, mshairi wa miaka ya 1920 aliyetoweka. Wanampata akiwa mzee katika kijiji cha Villaviciosa. Na kwa sababu wamempata, wale waliokuwa wakimwandama Lupe wanafika pia, na Cesárea anakufa katika mapambano hayo. Msako ndio uliozaa maiti. Na habari hiyo imewekwa mwishoni, baada ya sisi kuwatazama Belano na Lima wakitangatanga miaka ishirini, mmoja akipotea siku nyingi Managua, mwingine akiishia katika vita vya Liberia, bila ya shahidi hata mmoja kuweza kueleza kinachowakimbiza. Hakuna mpelelezi anayekuja kutukusanya sebuleni na kutufafanulia. Mwandishi ameviweka vipande viwili mbali, kimoja huku na kimoja kule, akamwachia msomaji kazi ya kuviunganisha. Sijui riwaya nyingine ya aina hii inayomheshimu msomaji kiasi hicho.

Kicheko nacho kinatokana na mashahidi. Bolaño anapenda kumpa neno mtu asiyestahili kulipewa. Octavio Paz ndiye mshairi ambaye vijana hawa walimchukia kuliko wote, nao wenzao wa kweli, kundi la infrarrealismo ambalo Bolaño na rafiki yake Mario Santiago Papasquiaro walilianzisha katika Jiji la Meksiko miaka hiyo ya 1970, walijulikana kwa kuvuruga hafla za washairi wakubwa. Basi tungetarajia siku Lima na Paz watakapokutana iwe siku ya moto. Wanakutana katika bustani ya Parque Hundido, na anayesimulia ni Clara Cabeza, katibu wa Paz, mwanamke mwaminifu ambaye hamjui Lima ni nani. Anachokiona ni wanaume wawili, bosi wake na mtu mchakavu, wakizunguka bustani kwa duara, kila mmoja upande wake, wakipishana. Ana wasiwasi na usalama wa bosi, na muda unakwenda. Mapambano ya vizazi viwili vya ushairi yanatufikia yakiwa yamepitia kwenye wasiwasi wa katibu, na kwa kuwa Clara hatanii hata kidogo, tunacheka. Na tukiisha kucheka tunagundua kwamba chuki ya miaka mingi imepungua ikawa unyenyekevu, wala hakuna aliyetuambia. Mhakiki Iñaki Echavarne naye anajikuta ufukweni akipigana na Belano kwa panga, kwa sababu ya uhakiki mbaya ambao bado hajauandika.

Mtu anaweza kupinga kwamba haya ni mazingaombwe. Ni rahisi kusema mtu ni mshairi mkubwa ukiwa huonyeshi mashairi yake. Mwandishi amejiepusha na kazi ngumu kuliko zote. Pingamizi hili lina nguvu, na lingesimama kama Bolaño angetuomba tuamini ukubwa wao. Haombi hilo. Mashahidi wanapingana: kwa mmoja Lima ni fundi, kwa mwingine ni mzururaji anayenuka na kumaliza chakula cha wenyeji wake. Angetuwekea mashairi mazuri, tungewasamehe kila kosa. Angetuwekea mabaya, tungewadharau na kufunga kitabu. Shairi ambalo kweli tunaonyeshwa, “Sión” la Cesárea, halina neno hata moja zaidi ya jina lake. Ni mistari mitatu ya kuchorwa: ulionyooka, wa mawimbi, na wenye pembe kali. Mzee Amadeo Salvatierra, anayejipatia riziki kwa kuwaandikia watu barua, amelihifadhi miongo kadhaa bila kulielewa. Vijana, wakinywa mezcal pamoja naye usiku kucha, wanamweleza kwamba ni safari ya chombo baharini: utulivu, mawimbi, tufani. Huenda ni kweli, huenda ni mchezo wa watoto. Hiyo ndiyo hali halisi ya msanii kabla hajatambuliwa, na mwandishi asingeweza kuileta hai kwa kutupa jibu.

Pingamizi zito zaidi, kwangu, ni kwamba ucheshi huu unaupamba umaskini, na kwamba ni mwepesi kwa mtu aliyekwisha kufanikiwa. Riwaya ilipata tuzo ya Herralde mwaka huo huo wa 1998 na ya Rómulo Gallegos mwaka 1999. Lakini ilitungwa na mtu aliyewahi kuwa mlinzi wa usiku katika kambi ya watalii huko Castelldefels, Hispania, aliyepeleka kazi zake kwenye mashindano ya miji midogo ili apate fedha za kuishi. Riwaya yake fupi Monsieur Pain ilishinda kwanza tuzo ya mji wa Toledo kwa jina jingine kabisa. Mario Santiago, ambaye ndiye Ulises Lima, aligongwa na gari akafa Januari 1998, kabla kitabu hakijatoka. Ndani ya riwaya, Quim Font, baba aliyewafungulia vijana nyumba yake, anazungumza kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili. Gharama zote zimeandikwa. Ila zimeandikwa na watu wanaojali shida zao wenyewe, wanaowataja Belano na Lima kwa kupita tu, na ndiyo maana hazigeuki kuwa maombolezo.

Kwa hoja yangu, ushahidi mkubwa kuliko wote ni wa Desemba 1996. Ernesto García Grajales, msomi wa Pachuca anayejigamba kuwa mtafiti pekee wa kundi hilo, anahojiwa juu ya wanachama wake. Anajua aliyekufa, aliyeoa, aliyerudi kwao. Anaulizwa kuhusu Juan García Madero, na jibu lake ni kwamba hakuwa mmoja wao. Anasema kwa uhakika wa mtu aliyepekua kila jarida, na kwa mujibu wa nyaraka alizo nazo hakosei. Sisi tumeisoma shajara ya kijana huyo, na tunakaribia kuirudia kwa kurasa nyingi zaidi. Mafanikio yangemwingiza García Madero katika faili la msomi huyo. Kitabu kimempa nafasi ya kwanza na ya mwisho, na hakikuhitaji kumfanya mshairi mkubwa ili ampe.