Jambazi Aliyechongwa: Tashihisi katika Mashine za Kamari za Marekani

Wamarekani waliibandika mashine ya kamari ya sarafu jina la «jambazi mwenye mkono mmoja». Ni sitiari ya wachezaji wenyewe: mkono ni mpini unaovutwa ubavuni, na ujambazi ni ule wa kuwaachia mifuko mitupu. Katikati ya karne ya 20, mchongaji Frank Polk, aliyewahi kuwa mchunga ng'ombe, aliipa sitiari hiyo mwili. Alichonga kwa mbao sanamu za kimo cha mtu: wachunga ng'ombe, wachimba madini na wenyeji wa asili wa Marekani, wale walioitwa Wahindi Wekundu. Mashine ilitiwa katika kiwiliwili, na mkono wa sanamu ukawa mpini. Sanamu hizo zilisimama katika kasino za Nevada, jimbo lililohalalisha kamari mwaka 1931.

Ustadi wa mchongaji hatuukani. Twauliza tu: tashihisi hii yamtumikia nani? Lawama ya wachezaji imegeuzwa pambo, na pambo limekuwa tangazo. Mwizi amepewa uso wa kuchekesha. Anayepoteza sarafu humcheka, wala hamkumbuki mwenye kasino.

Uso huo wadanganya pia juu ya mchezo wenyewe. Hadithi za Magharibi ya Marekani humsifu mtu mwepesi wa mkono na mkali wa jicho. Lakini mashine ya Liberty Bell, aliyoiunda Charles Fey huko San Francisco mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa na magurudumu matatu yenye vituo 10 kila moja, yaani matokeo 1.000. Mbele ya hesabu hiyo wepesi wa mkono haufai kitu.

Lililo zito zaidi ni sanamu ya mwenyeji wa asili. Watu walionyang'anywa ardhi wamevishwa umbo la mnyang'anyi! Sheria ya shirikisho ya mwaka 1988 iliweka utaratibu wa mataifa yao kuendesha kamari katika ardhi zao, na leo baadhi yao wana kasino. Hata hivyo, sanamu haikupata ukweli kwa sababu hiyo.

Basi mhakiki asitosheke kutazama waliochongwa. Mchunga ng'ombe yumo, mchimba madini yumo, mwenyeji yumo. Mwenye kuhesabu sarafu usiku hayumo.