Wimbo Mmoja, Maganda Thelathini

Binti wa jirani yangu hapa La Rochelle, kusini mwa Johannesburg, ana sidii tatu za albamu moja, na nyumbani kwao hakuna chombo cha kuzichezea. Amezipanga juu ya kabati la nguo, kila moja na jalada lake, kila jalada na picha ya mwimbaji yuleyule katika vazi jingine la manyoya na vito. Nyimbo zenyewe huzisikiliza kwenye simu, kama sisi sote. Fedha ya kuzinunulia aliipata kwa kusuka nywele siku za Jumamosi.

Mama yake ametoka Lubumbashi, na Kiswahili chake si changu. Jioni moja alinisimamisha langoni akaniuliza: "Papa, uyu mutoto aliuza mwimbo ao aliuza makaratasi?" Sisi wa pwani tukisikia hivyo tutadhani mtoto ameuza kitu. Sivyo. Katika Kiswahili cha Lubumbashi kuuza ni kununua; anayetoa mali ili apate fedha huyo huuzisha. Makala haya ni jaribio la kulijibu swali la mama huyu, na nakiri mapema kwamba kitenzi chake kimenisaidia kuliko nadharia nyingi za uhakiki nilizowahi kusoma.

Albamu yenyewe ni The Life of a Showgirl ya Taylor Swift, iliyotoka tarehe 3 Oktoba 2025. Ina nyimbo 12. Ilitolewa kwa sura zaidi ya 30: santuri za rangi mbalimbali, sidii zenye picha na mabango tofauti, kaseti, na matoleo ya mtandaoni yaliyouzwa kwa muda mfupi kisha yakaondolewa, yakiwa yameongezewa wimbo mmoja au miwili ya albamu ileile iliyoimbwa upya kwa ala chache. Katika juma la kwanza ilihesabiwa Marekani kuwa imevuka nakala milioni 4, ikaipiku rekodi aliyoiweka Adele mwaka 2015. Ndipo manung'uniko yakapanda. Hayakutoka kwa maadui wa mwimbaji tu, ambao hulalama hata akinyamaza. Yalitoka pia kwa watu wanaoyajua mashairi yake kwa moyo.

Ni rahisi kuwajibu kwamba hakuna aliyewashika mkono. Jibu hilo lina ukweli, lakini halijafika kwenye jeraha. Tazama jambo lililotangulia. Albamu ya Aprili 2024, The Tortured Poets Department, ilitangazwa kwa matoleo manne ya kushikika, kila toleo na wimbo wake wa ziada usiopatikana katika mengine. Aliyetaka kazi nzima ilimpasa anunue mara nne. Wengi walinunua. Kisha, saa mbili baada ya albamu kutoka, likafuata toleo refu la nyimbo 31, na ndani yake zile nne zote zimo. Hapo mnunuzi mwaminifu kuliko wote ndiye aliyekuwa amelipa zaidi kwa kitu ambacho mvivu alikipata kwa kungoja usiku mmoja. Kinachouma hapo si bei peke yake. Shabiki aliuziwa ukamilifu, na ukamilifu ukaendelea kusogea mbele kila alipoukaribia.

Kwa mhakiki wa fasihi hili si jambo la dukani tu, kwa sababu linaigusa kazi yenyewe. Tumezoea kusema kwamba diwani ina mpangilio, kwamba shairi la kwanza linafungua mlango na la mwisho linaufunga. Diwani yenye miisho minne tutaisomaje? Mwandishi anaweza kuandika miisho mingi kwa sababu ya kisanaa, nasi tukamfuata kwa furaha. Lakini miisho iliyogawanywa ili mtu alipe mara nne haisemi lolote kuhusu hadithi. Inasema kuhusu rejista ya fedha.

Kejeli inazidi tukiingia ndani ya The Life of a Showgirl. Umo wimbo uitwao Wi$h Li$t, wenye alama za dola katika jina lake, ambamo msimulizi anaorodhesha mali na tuzo wanazozitamani wengine, kisha anasema yeye anatamani mwenzi, watoto na makazi ya kawaida. Nimeusikiliza mara nyingi na sidhani kuwa ni wimbo wa kinafiki. Mtu aliyeshiba ana haki ya kusema amechoka kula. Ila wimbo huo uliponijia ukiwa ndani ya kitu kilichobuniwa ili kitamaniwe mara thelathini, maneno yake yalibadilika maana masikioni mwangu: orodha ya matamanio haikuwa tena ya wale wengine, ilikuwa ya binti wa jirani, na aliyeiandika alikuwa mwimbaji. Bora zaidi ni wimbo wa mwisho, uliobeba jina la albamu, ambamo kijana anampelekea maua mwanamke wa jukwaani naye mwanamke anamwonya juu ya maisha hayo. Hapo kuna jambo tunalolijua vyema upande wetu wa bahari: msikilizaji anayekwenda kwa msanii na kitu mkononi.

Maana sisi hatuwezi kujifanya kwamba kwetu sanaa na fedha hazijawahi kukutana. Siti binti Saad wa Fumba, kabla ya kuwa sauti ya Unguja, aliuza vyungu mjini. Shaaban Robert alipoandika wasifu wake hakuona aibu kuuanza umaarufu huo katika umaskini na udongo wa mfinyanzi. Mwaka 1928 Siti alivuka hadi Bombay kurekodi santuri, na santuri hizo zikauzwa Afrika Mashariki kama bidhaa nyingine yoyote. Na katika ukumbi wa taarabu hadi leo mtu huinuka kwenye kiti, akacheza taratibu hadi mbele, akamtuza mwimbaji noti mbele ya macho ya wote. Anayetuza hanunui wimbo, maana wimbo unaimbwa kwa kila aliyeketi. Ananunua haki ya kuufanya ubeti ule kuwa wake kwa dakika moja, na kumrushia mke mwenza, jirani au shoga aliyemgeuka. Noti yake ni neno.

Kanga ni hivyo hivyo. Wachuuzi wa kanga hutoa rangi nyingi za nakshi moja, na hakuna anayeandamana. Mbona? Kwa sababu mwanamke huchagua doti yake kwa jina lililoandikwa, na jina hilo akilivaa linasema kitu kwa mtu fulani, naye mtu fulani anaelewa. Rangi ya pili ni mapambo, hakuna sentensi iliyofichwa humo ili kumlazimisha airudie safari ya dukani. Ningependa mtu aandike kwa kirefu juu ya kanga kama kielelezo cha biashara ya fasihi. Mimi naishia hapo.

Wakongo wana njia yao pia, mabanga, yaani majina ya wafadhili yanayotajwa ndani ya wimbo kwa malipo. Hiyo naiona mbaya zaidi, kwa kuwa bidhaa inaingia hadi katika koo la mwimbaji. Jirani yangu hakubaliani nami hata kidogo.

Mfano wa karibu zaidi ni Diamond Platnumz. Mwaka 2017 aliingiza sokoni marashi, Chibu Perfume, na karanga za pakiti, Diamond Karanga. Mwaka uliofuata ikaja albamu, A Boy from Tandale. Kulikuwa na kicheko kingi mitaani, na wako waliouliza marashi yale ananunua nani Tandale. Lakini kicheko hakikuwa kilio cha aliyesalitiwa, na nadhani najua sababu. Msanii wa Bongo Fleva amekulia katika soko ambalo wimbo hauuziki: miaka ya kaseti msambazaji aliununua kwa fedha ya mkupuo na faida ikabaki Kariakoo, miaka ya sidii maharamia wakaunakili, miaka ya simu vijana wakarushiana bure. Anayeshindwa kuuza wimbo huuza karanga, na karanga ni karanga. Ukiimaliza pakiti, hujakosa ubeti wowote. Kule Marekani msiba ni wa kinyume, wimbo umeuzika kupita kiasi hadi ukafanywa maganda. Mwaka 2018 Nicki Minaj alilalama hadharani kwamba Travis Scott alimshinda kwenye chati kwa albamu iliyofungwa pamoja na mavazi na tiketi. Oktoba 2020 kanuni za Billboard zikabana ufungashaji wa namna hiyo. Fulana haikuweza tena kuibeba albamu. Basi albamu yenyewe ikawa fulana.

Na hapa ndipo kitenzi cha Lubumbashi kinaponifaa. Katika biashara hii ya chati, anayenunua nakala ya tatu anamfanyia msanii kazi ya mauzo. Anainua namba, namba inatangazwa, tangazo linamleta mnunuzi mwingine. Anauza, kwa maana zote mbili, na halipwi kwa hata moja. Mwaka 2024 huko Shibuya, Tokyo, albamu za kundi la Kikorea la Seventeen zilikutwa zimerundikwa barabarani, zimeachwa kama takataka, baada ya kutolewa kadi za picha. Waliozinunua walikuwa wamekwisha kufanya kazi waliyotumwa.

Ng'ambo kidogo ya hapa, Rosettenville, ilikuwapo shule ya St Peter's, ambako Padri Trevor Huddleston alimpatia kijana Hugh Masekela tarumbeta yake ya kwanza. Baadaye Louis Armstrong naye alituma tarumbeta kutoka Marekani kwa bendi ya vijana wale. Kitu cha nyota kilifika mkononi mwa mpenzi wake akaweza kukipuliza. Huwa nakumbuka hilo nikipita Johannesburg Road kwenye wachuuzi wa fulana zenye nyuso za wanamuziki, nami si mkamilifu, ninazo mbili.

Niliyasema mengi ya haya kwa mama wa binti, kwa ufupi zaidi. Alinisikiliza kwa adabu. Juma lililofuata niliona kitu kinameta uani kwao, kimening'inizwa kwa uzi juu ya tuta la lengalenga, kikizunguka na kuwafukuza ndege. Nilimuuliza binti kama alikubali. Akasema alikubali kuitoa ile ya tatu, mradi jalada libaki kabatini.