Kitufe Kishikacho Mkono

Katika mchezo wa video uitwao Ico, uliotengenezwa Japani na kutolewa mwaka 2001 kwa mashine ya PlayStation 2, kuna kitufe kimoja kilicho begani mwa pedi, kile kiandikwacho R1, ambacho kazi yake kubwa ni kushika mkono wa msichana. Mchezaji akikibonyeza, mtoto mwenye pembe kichwani, ambaye watu wa kijiji chake wamemleta katika ngome ile ya ukiwa wakamfungia ndani ya jeneza la mawe kwa kosa la kuzaliwa na pembe, humwita binti aliyemkuta amefungiwa kizimbani, naye akiwa karibu humpa mkono wakaenda. Akikiachia, mikono huachana, na binti yule, aitwaye Yorda, husalia pale pale akitazama huku na huko. Hapana kitufe cha kumsemesha, maana lugha yake si lugha ya mtoto yule, na maandishi yatokeayo chini ya kioo anenapo ni alama ngeni ambazo hata mchezaji hazifahamu, mpaka aumalize mchezo wote na kuuanza upya, ndipo, katika matoleo ya Japani na Ulaya, maneno ya binti humfunukia.

Nataka kuusifu ufundi huu kwa kituo, kwa kuwa waujuao hawazidi, na wauthaminio wanapungua.

Tazama mwendo wao. Mtoto ni mwepesi, binti ni mzito wa hatua. Mtoto akikimbia hali amemshika, mkono wa binti hunyooka, mwili wake ukafuata nyuma kwa kuvutwa, miguu ikajikwaa, na mchezaji aliyekuwa na pupa ya kuufikia mlango hujikuta, bila ya kuambiwa na yeyote, amepunguza mwendo kwa haya. Wakifika penye pengo sakafuni, mtoto huruka kwanza peke yake, kisha akageuka, akainama ukingoni na kunyoosha mkono, na hapo mchezaji hana la kufanya ila kukikaza kitufe na kungoja. Naye binti husita, husogea, kisha hujirusha, akadakwa mkono mmoja huku mwili wote ukining'inia juu ya shimo. Wakati ule kidole cha mchezaji kimekazana sawasawa na vidole vya mtoto yule, wala mtu hapati nafasi ya kujiuliza mchezo umeishia wapi na hadithi imeanzia wapi.

Wapo maadui, nao ni vivuli vyeusi vitokavyo katika mashimo ya sakafu. Ajabu yao ni kwamba hawamtaki mtoto. Wanaweza kumpiga mweleka akaanguka, lakini hawamuui. Wamtakaye ni binti, humbeba begani wakamshusha shimoni, na akizama kabisa, mchezo umekwisha. Kwa hiyo fundi wake, Fumito Ueda, hakuhitaji kutuchorea juu ya kioo mstari mwekundu wa kupima uhai, wala hesabu ya pointi, wala ramani. Kioo chake ni kitupu, na khofu yote ameiweka mahali pamoja tu, katika umbali uliopo baina ya viumbe wawili. Ukitaka kuhifadhi ulipofikia, upumzike urudi kesho, huna budi kutafuta kiti kirefu cha jiwe na kuketi, nawe huwezi kuketi peke yako: sharti binti aje akae ubavuni pako. Hata jambo hilo, ambalo katika michezo mingine ni kazi ya karani, humu limetiwa ndani ya kisa likawa ni usingizi wa watoto wawili waliochoka.

Kisha lipo daraja. Baada ya saa nyingi za kumvuta, kumwinua na kumdaka, lango kubwa linafunguka, daraja limetandikwa juu ya bahari, na uhuru unaonekana upande wa pili; nao wakiwa katikati, daraja linaanza kukatika na kurudi ndani, mtoto akiwa upande wa kutokea na binti upande wa ngome. Mchezaji yu huru, pedi i mkononi mwake, hapana sauti imwambiayo afanye hivi au vile. Naye hugeuka akaruka kurudi nyuma, na safari hii ni binti anyooshaye mkono, ni binti adakaye. Fundi asiyejiamini angelituonyesha tukio hili kwa sinema, sisi tumeweka pedi kifuani tukitazama. Ueda ametuachia tuliruke wenyewe, kwa kuwa alijua kwamba saa zote zile zilizotangulia zimekwisha kutufundisha la kutenda.

Huyo Fumito Ueda alisomea sanaa huko Osaka, na kazi hii aliianza mwaka 1997 kwa ajili ya mashine ya kwanza ya PlayStation, kabla haijahamishiwa ile ya pili. Watu wa fani hiyo husimulia juu ya kanuni yake ya kupunguza: kila alichokiona hakiupi uzito ule mkono ulioshikwa, alikitoa, hata kama kilikuwa kizuri na kimekwisha gharimiwa. Hata picha ya jalada la matoleo ya Japani na Ulaya aliichora mwenyewe, akiiga namna ya mchoraji Giorgio de Chirico wa Italia, yenye minara na vivuli virefu na viumbe wawili wadogo wanaokimbia. Mchezo haukuuzika kwa kiasi kilichotarajiwa. Lakini mafundi wenziwe waliununua, nao ndio waliousoma.

Kwa insafu lazima niseme kwamba si kila mchezo unadaiwa hadithi. Mcheza bao hazihoji kete zake kwa nini zinatoka nyumbani, na aliyecheza Tetris, iliyobuniwa Moscow mwaka 1984, hajapata kulalamika kwamba vile vipande havina wazazi. Michezo ya zamani ilikuwa na adabu hiyo: Donkey Kong ya mwaka 1981 ilikuwa na sokwe aliyeiba mwanamke na seremala apandaye ngazi kumfuata, na hapo maneno yakatosha, yakawapisha miruko. Taabu ilianza mashine zilipopata nguvu na nafasi, watengenezaji wakatamani kuwa wakuu wa sinema, wakaanza kusimulia mambo ambayo kanuni zao haziyajui. Mwaka 1997, katika Final Fantasy VII, msichana Aerith anauawa kwa upanga, na kilio chake kimekaa katika vifua vya kizazi kizima. Ilhali mfukoni mwa wenzake, kwa kanuni za mchezo ule ule, yamejaa manyoya ya ndege yawezayo kumwinua kila aangukaye vitani. Wachezaji wengi walilisamehe hilo, nami pia, kwa ajili ya muziki. Lakini ufa ulikuwa umekwisha kuonekana ukutani.

Mwaka 2007 Clint Hocking, fundi wa Kanada, aliuandika ufa huo waziwazi na kuuundia istilahi alipoukosoa mchezo wa BioShock: kanuni zake, alisema, zinamruhusu mchezaji kujitakia nafsi yake, awanyonye watoto wa kike ili apate nguvu, ilhali hadithi yake inamlazimisha kumsaidia mtu mwingine apende asipende. Wakosoaji waliitikia, mijadala ikaenea, na mtu angedhani kwamba baada ya hapo mafundi wangeshika patasi wakarekebisha. Sivyo ilivyokuwa. Katika Tomb Raider ya mwaka 2013, Lara Croft, msichana msomi aliyevunjikiwa na jahazi kisiwani, anamuua mtu kwa mara ya kwanza maishani mwake, naye anatetemeka na kichefuchefu kinamshika, tukio lililotengenezwa kwa ustadi hata mtazamaji akainamisha macho. Kisha, kabla machozi hayajakauka, mchezo unampa mchezaji bunduki, unamletea watu kundi kwa kundi, na unamzawadia pointi za ziada kila alengapo kichwa. Aliyeandika machozi yale na aliyepanga pointi zile, nashawishika kuamini, hawakuketi meza moja.

Lililonichoma zaidi ni la mwaka 2016. Shujaa wa Uncharted, Nathan Drake, ni mcheshi, mpenzi wa historia na mume wa watu, ambaye katika kila toleo huangamiza watu kwa mamia na jioni akala chakula cha usiku kwa utani. Na lawama hiyo ilipowafikia watengenezaji, katika toleo la nne waliweka nishani, apewayo mchezaji aliyewashinda maadui 1000, wakaipa kwa jina istilahi ile ile ya Hocking. Walilisikia kosa, wakalielewa, wakalitundika ukutani wakalicheka. Mafundi wa nakshi wa zamani wangelificha kosa kwa kazi zaidi.

Si kwamba ufundi umekufa kote. Lucas Pope, Mmarekani aliyehamia Japani, alitengeneza karibu peke yake mchezo uitwao Papers, Please, ukatoka mwaka 2013, ambamo mchezaji ni karani wa mpaka katika nchi ya kubuni ya Arstotzka, mwaka 1982. Kazi yake ni kugonga mihuri. Meza ni ndogo, karatasi zinalaliana, kanuni zinaongezeka kila kukicha, na mshahara unahesabiwa kwa kila msafiri aliyepitishwa au kukataliwa sawasawa. Makosa mawili kwa siku husamehewa, la tatu hukatwa fedha, na usiku karani huchagua baina ya chakula, joto la nyumba na dawa za mwanawe. Anakuja mume, karatasi zake ni timamu, anasema kwa unyenyekevu kwamba mkewe yuko nyuma yake foleni. Anakuja mke; hana kibali cha kuingia. Hapana muziki wa kuliza, wala picha iliyosogezwa karibu na uso. Ipo mihuri miwili, wa kijani na mwekundu, na iko hesabu ya kodi ya nyumba ambayo mchezaji ameibeba kichwani tangu jana. Huruma humu ina bei, na bei yake hulipwa na mtoto aonaye baridi. Nasema ni kazi ya mwandishi bora, ingawa maneno yake yote mtu angeyasoma kwa kikao kimoja.

Ueda naye aliendelea. Katika Shadow of the Colossus ya mwaka 2005, kitufe kile kile cha R1 kilichoshika mkono wa Yorda sasa kinashika manyoya ya majitu 16, ambayo kijana Wander anayaua moja baada ya moja ili msichana aliyekufa arudishiwe roho. Na kila jitu liangukapo, mwili wa kijana unachakaa na kuingiwa na weusi, hata mchezaji akaona mshiko wake mwenyewe umekuwa ni dhulma. Farasi wake, Agro, hakutengenezwa kuwa gari: huchagua njia penye wembamba, huchelewa kuitika, hugoma ukingoni. Mwaka 2016, baada ya kungojewa miaka saba tangu kutangazwa, akaja mnyama Trico katika The Last Guardian, mwenye mabawa na macho ya mbwa, ambaye ukimwonyesha pa kuruka huenda akajikuna kwanza. Hapo walimwengu wakakasirika. Wengi wa waliouandika walilalamika kwamba mnyama hatii upesi, kwamba wamemwita mara tatu hakuja, kana kwamba wamenunua taa ikakataa kuwaka. Utii wa mara moja ndio uliowazoeza hivyo. Kila kitu katika michezo ya siku hizi hung'aa kikiitika, kila mlango una alama ya kuuonyesha, kila mwenza husimama nyuma ya shujaa akingoja amri, na mwandishi huletwa mwishoni kuwatilia watumwa hao maneno ya mapenzi vinywani.

Desemba 2024 Ueda alionyesha sehemu ya mchezo mwingine, wenye mtu mdogo na roboti kubwa ambalo mtu huyo anapanda juu yake. Nimeitazama filamu ile fupi mara kadhaa, na katika maoni ya vijana waliokuwa wakiitazama nami, swali la kwanza lilikuwa: je, hili litaendesheka haraka?