Mahali au Mbinu? Uhakiki wa Tathmini za Shule za Mkataba Nchini Marekani

Mjadala kuhusu shule za mkataba nchini Marekani, yaani shule za umma zinazoendeshwa na wasimamizi huru, mara nyingi huelezwa kuwa ni mgongano wa mbinu za utafiti. Uhakiki huu unadai kwamba, kwa ripoti mbili mashuhuri za mwaka 2009, maelezo hayo yanapotosha.

Katika ripoti ya kwanza, kituo cha CREDO cha Chuo Kikuu cha Stanford kilichunguza majimbo 15 pamoja na Wilaya ya Columbia. Kila mwanafunzi wa shule ya mkataba alilinganishwa na “pacha” wa kitakwimu aliyesoma shule ya kawaida. Katika hisabati, asilimia 17 ya shule za mkataba zilifanya vizuri zaidi, asilimia 37 vibaya zaidi, na asilimia 46 hazikutofautiana. Miezi michache baadaye, Caroline Hoxby, wa chuo hichohicho, aliwalinganisha waombaji wa Jiji la New York waliopata nafasi kwa kura na waliokosa. Matokeo yake yaliwapendelea waliopata.

Mjadala uliofuata uliziweka ripoti hizo ulingoni, na Hoxby mwenyewe akaikosoa mbinu ya CREDO. Hata hivyo, jimbo la New York halikuwamo katika ripoti ya CREDO. Kituo hicho kilipotumia mbinu yake ileile katika jiji hilo, mnamo Januari 2010, nacho kilipata matokeo chanya kwa wastani. Ni dhahiri, basi, kwamba tofauti ya mahali haiwezi kupuuzwa.

Hatusemi kwamba mbinu hizo hazina dosari. Pacha wa kitakwimu haoneshi ari ya mzazi aliyeomba nafasi. Kura nayo hupigwa pale tu waombaji wanapozidi nafasi. Shule zisizo na waombaji wengi huachwa nje.

Jeffrey Henig, katika Spin Cycle (2008), anaeleza jinsi siasa na vyombo vya habari vinavyopotosha utafiti huu. Tunakubaliana naye, ila lawama haiishii hapo. Ripoti ya CREDO ilionesha majimbo yaliyofanya vizuri na yaliyofanya vibaya. Bado ilitanguliza asilimia moja ya jumla, nayo ndiyo iliyosambaa. Mtafiti anayetanguliza wastani huku akijua kwamba wastani huo unaficha mahali, ameshaanza kuegemea upande kabla mwandishi wa habari hajashika kalamu.