Doa Si Kutu

Mliokuwa mnadani Mtinko, Singida, siku mpwa wangu aliponunua kisu mliona wenyewe, kwa hiyo sitapoteza muda kueleza nani alisimama wapi. Alikuwa na kisu sahihi mkononi. Akakirudisha kwenye turubai la muuzaji. Akanunua kibaya.

Haki yake nimpe. Alitazama kama bapa likifungwa linalala katikati ya mpini bila kusugua ubavu, na akashusha bei kutoka shilingi 12,000 hadi 8,500. Safi.

Sasa turudi kwenye ule mkono. Kisu cha kwanza kilikuwa cha mpini wa mti, bapa jembamba la chuma cha kaboni, pete mgongoni. Alipokifungua kikalia kra-kra-kra. Akabonyeza mgongo wa bapa dhidi ya paja, kufuli ikashika. Akapitisha kidole gumba kukatiza makali, si kuyafuata, kama nilivyomfundisha tangu akiwa anachunga mbuzi. Mpaka hapo sina neno. Halafu akakigeuzia jua, akaona doa jeusi karibu na ncha, kubwa kiasi cha punje ya uwele.

“Mjomba, hiki kimeshaanza kutu.”

Muuzaji alinyamaza. Angemkosoaje, na kile cha bei kubwa kilikuwa bado hakijauzwa? Nami nilikuwa na mfuko wa mbegu begani, nikachelewa kufungua mdomo. Kwa hilo najilaumu.

Ile haikuwa kutu. Chuma cha kaboni kikigusa kitunguu, embe au damu ya mbuzi hubadilika rangi: kijivu kwanza, kisha samawati, mwishowe cheusi. Kutu ni nyekundu, huchafua kidole, na ukiiacha huchimba vishimo. Ule weusi hutulia palepale, na kwa kiasi fulani hukikinga chuma na kutu yenyewe. Doa lile lilikuwa ushahidi tu kwamba kisu kimewahi kukata kitu, pengine chungwa la muuzaji. Kitambaa kikavu na tone la mafuta ya alizeti, ambayo Singida hakuna nyumba isiyokuwa nayo, vingetosha kukitunza miaka.

Na badala yake? Kile king'aacho. Mpini wa plastiki, tochi mkiani, filimbi, kifungulio cha soda, neno “stainless” limechorwa ubavuni kwa herufi kubwa kuliko jina la mtengenezaji. Hayo yote ningeyameza. Nisichokimeza ni meno. Nusu ya makali ilikuwa meno ya msumeno, na meno yenyewe yameanzia kwenye mpini hadi katikati ya bapa.

Fikirini kazi ya mtu wa Mtinko kwa siku. Anakata shingo za vitunguu vilivyokauka, anaacha sentimita mbili tatu ili visioze. Anachonga mpini wa jembe. Anafumua mshono wa gunia, anamaliza kuku. Kazi zinazotaka nguvu na utulivu, kuchonga na kukata shingo, zinafanyika pale karibu na mpini, kwa sababu ndipo mkono unapolitawala bapa. Mtengenezaji kachukua sehemu yenye thamani kuliko zote akaijaza meno. Kinachobaki ni kipande cha makali laini kule mbele, mbali na nguvu ya kiganja.

Kisha kuna kunoa. Meno yale hukatwa upande mmoja tu, na kila pengo linataka tupa nyembamba ya mviringo liguswe peke yake. Nani anayo? Kinoo bapa, au kile kipande cha jiwe mlangoni kwa bibi, kinapita juu ya vilele vya meno na kuvisaga. Baada ya miezi michache unabaki na msumeno butu. Watu hupenda kusema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, wakasahau kwamba ukali hauuzwi pamoja na kisu. Unauweka mwenyewe, kila juma.

Najua utetezi: meno hukata kamba. Kweli. Lakini noa makali laini kwa jiwe la chenga, usiyapitishe kwenye jiwe laini, uone kama kamba ya katani itakushinda.

Wanaoniona nachukia vitu vingi kwenye kisu kimoja wananionea. Kisu cha askari wa Uswisi, ambacho Karl Elsener alianza kulipatia jeshi lake mwaka 1891, kilikuwa na bapa, msharasi, kifungulio cha makopo na bisibisi. Bisibisi ilikuwepo kwa sababu bunduki yao ilihitaji bisibisi kufunguliwa. Kila kipande na kazi yake, na bapa likaachwa laini. Hata walipokuja kutia meno kwenye toleo la 2008, waliyaweka upande wa ncha, karibu na mpini wakaacha makali ya kuchongea. Na chuma chao hakishiki kutu, tena kinanoleka vizuri, kwa hiyo sina ugomvi na stenlesi. Ugomvi wangu ni na neno hilo kuandikwa juu ya chuma chochote laini.

Lakini shujaa wangu mnamjua. Kisu cha Okapi. Mwaka 1902 Wajerumani walianza kukitengeneza Solingen kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, na baadaye kazi hiyo ikahamia Afrika Kusini. Bapa la kaboni, springi ndefu mgongoni, pete ya kuvuta unapotaka kukifunga. Hakuna cha kuharibika ila springi, nayo fundi yeyote wa vyuma ataielewa akiiona. Wafaransa wana Opinel, ya tangu 1890, ambayo mwaka 1955 iliongezewa pete ya kuzungusha shingoni ili bapa lisikufungie vidole. Zote mbili ni mti, chuma na wazo moja. Kisu kile cha turubaini kilikuwa mtoto wa ukoo huo, sijali kilitoka kiwanda gani.

Na kisu chenu msikipeleke kwa mnoaji wa baiskeli! Nimesema hili mara ngapi? Gurudumu lile bila maji linachoma makali. Mkiona samawati imetokea ukingoni, chuma kimepata joto la nyuzi kama 300 na ugumu umekwenda.

Siku nne baadaye mpwa alikuja na kisu chake, vidole vinanuka vitunguu. Meno yalikuwa yananasa maganda badala ya kukata shingo, kila kitunguu kinatoka na ndevu. Akaomba kinoo, akanoa ile nusu ya mbele kimya kimya, akauliza kama yule muuzaji atarudi mnada ujao.

Nikamwambia atarudi, lakini kile kisu hakipo. Mama mmoja muuza kuku alikinunua kabla hatujafika kwenye baiskeli yetu. Alilipa 5,000, akakikunja, akakichomeka kwenye pindo la kanga.